Ute wa Jicho la Ng'ombe

Idd ya kuchinja ya 2019 ilinikuta nyumbani Langoni, Lamu. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo huko bara, na muhula ule kichwa changu chote kilikuwa kimeingia haialuronani, sukari iliyomo kwenye ute wa macho na wa mwili. Ami alipokuwa akigawa mafungu ya nyama nikamwomba macho ya ng'ombe. Akanitazama kitambo. "Mato? Haya ndiyo mnayolishwa huko chuoni?" Lakini akanipa, kwenye jani la mgomba.

Nikayapeleka kiwandani, yaani uani, shangazi alikokuwa amekaa akishona kofia. Mwaka ule alikuwa na saratani ya titi. Alikwisha kwenda Mombasa mara tatu kupigwa kemo, ile dawa ya saratani, mashua hadi Mokowe kisha basi, na uvimbe ulikuwa haujapungua kama alivyotarajia. Alikuwa hapendi kuulizwa habari zake, ila za wengine alizitaka zote.

Nikapasua jicho moja kwa kisu. Kikatoka kile kidonge cha ute, cheupe kama kioo, kinatikisika bila kumwagika. Nikamweleza kwamba mwaka 1934, huko New York, Karl Meyer na John Palmer walitoa kwenye ute kama huu sukari ya mnyororo mrefu, wakaipa jina linalotokana na neno la Kigiriki la kioo. Shangazi akaugusa kwa ncha ya kidole, akakifuta kwenye leso. "Bamia," akasema.

"Na wewe unao, shangazi. Kwenye ngozi, kwenye viungo. Mtu wa kilo 70 ana kama gramu 15, na thuluthi yake huvunjwa na kutengenezwa upya kila siku."

Hapo akaweka sindano chini, nami nikapata kichwa. Nikamwambia kwamba mnyororo ukiwa mrefu aghalabu hutuliza seli, lakini ukikatwa vipande vifupi, vile vipande huzichochea kama vile pana jeraha: seli zinazaana, mishipa mipya ya damu inaota. Saratani hujua kuutumia ute huo. Hujizungushia mwingi, seli zake zikaushika kwa kipokezi kiitwacho CD44, zikapata njia ya kutambaa hadi mahali pengine. Na kwa kuwa ute huvuta maji, uvimbe hujaa ndani hata mishipa ya damu ikabanwa, dawa isipite.

"Kumbe dawa haiyui ndia?"

"Ndia imebanwa."

"Kama Mkanda maji yakipwa," akasema, yaani ule mkondo wa bahari wapitamo mashua.

Nikataka kumsahihisha, maana kwenye uvimbe maji yamezidi, hayajapungua. Akanikata: mashua haipiti, basi.

Habari ile ya mishipa kubanwa ilikuwa imechunguzwa hasa kwenye saratani ya kongosho. Nililijua hilo vizuri, na nikamwacha adhani nazungumzia titi lake. Tena nikaongeza kwamba kuna dawa, PEGPH20, kimeng'enya kinachoyeyusha ute huo ili kemo ipate kuingia, na kwamba tayari imefika hatua ya tatu ya majaribio kwa wagonjwa wa kongosho. Hilo la kongosho nililisema upesi upesi, kama mtu anayemeza kidonge.

"Itafika lini huku?"

"Labda miaka miwili."

Ile miwili sijui niliitoa wapi. Shangazi akaokota kofia yake, akashona kwa kasi ambayo sikuwa nimeiona tangu augue, na jioni akawahadithia majirani wote juu ya dawa ya mwanawe.

Novemba nikiwa chuoni matokeo yakatoka. Waliopewa PEGPH20 pamoja na kemo hawakuishi muda mrefu kuliko waliopewa kemo peke yake, na kampuni ikaiacha. Nilisoma usiku kwenye simu, kisha nikakaa wiki nzima bila kupiga Lamu.

Nilipompigia nikasema yote kwa pumzi moja, na la kongosho pia, safari hii polepole. Kimya. Nilisikia punda akilia nyuma yake, mtoto akifukuzwa.

"Na yale mato," akasema, "uliyatupa wapi? Paka walizunguka kiwanda changu siku tatu."

"Baharini, shangazi."

"Afadhali." Kisha akaniuliza kama nimekula.