Watoto wa bandia wasio na macho

Oktoba ikielekea ukingoni, majirani zangu hapa Bristol, Uingereza, hutundika mafuvu milangoni na kutandaza buibui wa plastiki kwenye vichaka vya uani, yote kwa ajili ya Halloween, usiku wa tarehe 31. Hayo nimeshayazoea. Wanaonishangaza hadi leo ni wale wanaonunua wanasesere wakuukuu kwenye maduka ya mitumba, wakawang'oa vichwa na kuwafanya vyombo vya nyumbani: kichwa chungu cha maua, mikono vyango vya kutundikia, kiwiliwili kikashika taa.

Mwenzangu wa kazini ni fundi wa mambo hayo, nami nimeingia mkumbo. Kabla ya yote hupekua nywele akatazama kisogo na shingo, kwani wanasesere wa kale wa kauri mara nyingi wana alama ya kiwanda hapo. Mwenye alama ya maana huuzwa kwa wakusanyaji, haguswi na brashi. Wa seluloidi, plastiki ya zamani, nao huwekwa kando, maana hushika moto upesi mno. Wa kuchezewa ni hawa wa vinili, plastiki laini. Shingo unaichovya kwenye maji ya moto, ikilainika unakizungusha kichwa, kinatoka.

Uhondo uko kwenye nyufa za uso. Unapaka rangi nyeusi, unaiacha ikauke. Juu yake gundi nyeupe ya mbao, nzito, na ikiwa bado inanata unapitisha rangi ya maziwa. Basi kaa utazame: rangi ya juu inavutwa huku na huku, inachanika nyuzi nyuzi, na kile kitoto kilichokuwa kikitabasamu kinakuwa kama kimefukuliwa jana. Nguo zinarowekwa kwenye chai ya rangi mpaka zichakae. Taa ya ndani ni ya betri. Mshumaa wa moto utayeyusha kichwa chote.

Nikatuma picha kwa jamaa Lamu. Shangazi yangu wa Mkomani hakuandika, alituma sauti: "Astaghfirullahi! Mwanangu, wewe umelelewa kwenye nyumba ya zidaka zenye mabakuli ya kaure, leo wapanga vichwa? Washa ubani, fukiza nyumba nzima, kisha kitu hicho kitoke."

Si kwamba hajui kugeuza kikuukuu kuwa kipya. Flipflopi, lile jahazi la plastiki na kandambili zilizookotwa fukweni, lilijengwa Lamu na kushuliwa 2018, naye hulisifu kama vile alishika msumeno mwenyewe. Taabu yake ni hayo matundu ya macho. Kwetu kinachotisha hakitajwi usiku, sembuse kukitundikia funguo. Na mimi, pamoja na kuipenda kazi yenyewe, namuunga mkono nusu: chungu kiko dirishani jikoni na mmea wake umeshamiri, lakini chumbani kwangu hakiingii, na jua likizama nakigeuza kitazame nje. Wapita njia wajijue.

Juzi shangazi katuma sauti nyingine, safari hii kwa upole. Buibui lake hulitundika kwenye msumari ulioshika kutu, lina madoa. Ile mikono ya ukutani, aliuliza, yaweza kupatikana bila mwenyewe? Mikono haina macho.

Nimeshaiosha. Nitaipaka rangi ya mlango wake.