Nilimjengea juu ya njia ya maji

Mimi ni fundi mwashi hapa Kigoma, mwisho wa reli, na leo naandika habari ya kazi niliyoiharibu mwenyewe.

Mwaka 2016 mama mmoja muuza mawese alinipeleka Gungu kunionyesha kiwanja alichonunua. Mteremko, kabonde katikati, na mchanga mweupe umelala chini ya kabonde. Aliyekulia mji huu akiona mchanga wa aina ile hahitaji kuambiwa kwamba maji hupita hapo. Nilijua. Ila yeye alishalipa, mashahidi walishatia sahihi, na mimi nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba ya miezi mitatu. Nikamwambia, "Mama, tutanyanyua msingi kozi mbili zaidi za tofali." Akajibu, "Fanya unavyojua mwanangu, fundi ni wewe."

Neno hilo hunirudia kila mvua zinapoanza.

Masika ya tatu maji yaliukuta ukuta, yakauzunguka, yakaanza kuchimba pembeni. Jiko lilikwenda usiku mmoja, choo kikafuata baada ya wiki. Hakuna aliyeumia. Korongo lililobaki nyuma ya nyumba linanimeza mimi na ngazi yangu. Aliponipigia simu hakunigombeza hata kidogo, aliuliza tu kama sufuria zake zinaweza kufukuliwa.

Kinachoniuma zaidi ni tofali. Nyumba nzima ni za kuchoma, maana wateja wangu wengi bloku za saruji hawaziwezi. Tanuru hula kuni, kuni zinatoka vilimani juu yetu, na kilima kikishanyolewa mvua haina pa kukaa, inateremka yote kwa pamoja. Kwa hiyo nilichoma miti nipate tofali, halafu maji ambayo miti ile ingeyashika yakaja kuzichukua tofali.

Barabara za lami nazo tumezifurahia, mimi wa kwanza, vumbi la mtaa wetu wa Mwanga nalijua. Lakini mfereji wa barabara lazima uishie mahali, na pale unapoishia bila mawe ya kuvunja kasi ndipo korongo jipya huanza.

Kukimbilia chini ufukweni? Ziwa Tanganyika nalo lina hesabu zake. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, maji yalikuwa juu. Mwaka 1878 ziwa lilifumua njia ya mto Lukuga, upande wa Kongo, likashuka, ndiyo maana leo ukitoka kwenye mnara wa Livingstone unatembea kidogo kabla ya kulowa miguu. Miaka hii ya karibuni limepanda tena, na wa Kibirizi waliojenga karibu wameona maji yakiingia ndani bila hodi.

Siku hizi sichimbi msingi kabla sijakiona kiwanja mvua ikinyesha. Nasimama na mwavuli kama kichaa, nachomeka vigingi maji yanapopita. Nalazimisha gata pia, ile mifereji ya kukinga maji ya bati. Bati la mita 80 za mraba, mvua ikinyesha milimita 50, linamwaga lita 4,000, na lita hizo zikiingia kwenye simtanki haziendi kuchimba kwa jirani. Wateja hunijibu kuwa gata ni mambo ya watu wa benki. Mwaka jana nilikataa kazi ya kiwanja chenye mchanga mweupe. Fundi mwingine aliichukua, na ndani ya mwezi bati lilikuwa juu. Mpimaji wa viwanja akifika na bikoni zake za mipaka atakuta watu wanapika chai. Angetangulia yeye, akaziacha njia za maji wazi tangu mwanzo, nisingekuwa na cha kukataa.

Kwa yule mama nimepanga mawe ngazi kwa ngazi ukingoni mwa korongo na kupanda matete, bila malipo. Jumamosi tulifunga gata. Tanki anataka likae upande wa mwembe ili maji yasichemke kwa jua, nami sikubishana. Jiko bado ananidai.