Garrincha, Winga wa Miguu ya Matege

Katika vijiwe vya kahawa hapa Kirumba, Mwanza, ubishi kuhusu soka la Brazil huanza na Pelé na kuishia kwa Neymar, nami hushangaa kwamba Garrincha hutajwa kwa nadra, ilhali Brazil haikupata kufungwa hata mechi moja ambayo yeye na Pelé walicheza pamoja.

Garrincha, ambaye jina lake halisi ni Manuel Francisco dos Santos, alizaliwa mwaka 1933 huko Pau Grande, jimbo la Rio de Janeiro, akiwa na miguu iliyopinda, mmoja mfupi kuliko mwenzake, na mwaka 1953 akajiunga na klabu ya Botafogo. Chenga yake ilikuwa ileile siku zote: alisimama na mpira, akauinamisha mwili kushoto, kisha akachomoka kulia, na mabeki waliojua fika atakakopita waliachwa chini vilevile.

Alitwaa Kombe la Dunia mwaka 1958 nchini Sweden, lakini kwangu kilele chake ni Chile, 1962. Pelé aliumia katika mechi ya pili, na Garrincha akaubeba mzigo: aliifunga Uingereza mabao mawili katika robo fainali, akawafunga wenyeji mawili mengine katika nusu fainali, ambamo pia alifukuzwa uwanjani na mwamuzi, lakini akaruhusiwa kucheza fainali (leo jambo hilo lingezua kelele hadi soko la samaki la Mwaloni), na Brazil ikaishinda Chekoslovakia 3-1.

Mechi pekee aliyopoteza akiwa na timu ya taifa ilikuwa ya mwisho kwake, dhidi ya Hungaria mwaka 1966. Pombe ilimdhoofisha, akafariki Januari 1983 akiwa na miaka 49.