Siku Moja Maishani Mwangu: Kuhesabu Pioni

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kugonganisha elektroni na positroni (elektroni zenye chaji chanya), hudhani nashinda nikitazama milipuko. Ukweli ni kwamba nashinda nikihesabu.

Saa moja asubuhi nilipokea zamu, nikakagua volteji, gesi na sumaku, nikatia sahihi daftarini.

Saa tatu nilifungua data za juma lililopita. Tunapima ni mara ngapi mgongano huzaa hadroni, yaani chembe zilizoundwa kwa kwarki, na karibu na nishati ya megaelektronivolti 770, inapotawala mesoni ya ro, hadroni inayovunjika papo hapo, hadroni hizo karibu zote ni jozi za pioni, zilizo nyepesi kuliko hadroni nyingine. Pioni ina uzito wa megaelektronivolti 140 hivi na muoni, ndugu mzito wa elektroni anayezaliwa pia katika migongano, 106, kwa hiyo njia zao ndani ya kigunduzi, chombo kinachonasa chembe, hufanana kama mapacha, lakini kuwatenganisha mapacha hao nimeshazoea. Kilichonikera ni data za usiku mmoja, ambazo hesabu zake za jozi kwa kila kipimo cha migongano zilipungua kwa asilimia 1.

Asiyeijua kazi hii atauliza asilimia 1 ni nini. Jozi hizo hubeba karibu robo tatu ya mchango wa hadroni katika usumaku wa muoni, na kipimo kilichotoka Novosibirsk, Urusi, mwaka 2023 kilizua ubishi mkubwa kwa kuvizidi vipimo vya awali kwa asilimia chache tu.

Nilikagua elektroni zinazotawanyika kwa pembe ndogo, ambazo ndizo kipimo chetu cha wingi wa migongano, nikazikuta sawa. Nishati ya mkondo wa chembe nayo ilikuwa sawa. Nikaishuku programu yangu, nikaisoma mstari kwa mstari hadi macho yakauma, na chakula cha mchana kikapita bila mimi kukikumbuka. Giza lilikuwa limeingia nilipochora pembe za njia kuzunguka bomba la mkondo: duara lililopaswa kujaa lilikuwa na pengo jembamba, kama kinywa kilichong'oka jino.

Nikampigia mwenzangu aliyekuwa zamu usiku ule.

“Ndugu yangu, kuna nyaya ulizozima kwenye chemba ya kigunduzi?”

“Zilikuwa zinatoa cheche. Kumbe sikuandika?”

Hakuandika, na uigaji wetu wa kompyuta, unaotuambia ni jozi ngapi kigunduzi hukosa, ukaendelea kuzihesabu nyaya hizo kuwa nzima. Niliuanzisha upya nyaya zile zikiwa zimezimwa, kisha nikaandika namba zake daftarini, moja baada ya nyingine, kwa mwandiko wa mtu aliyechoka. Majibu yatatoka kesho mchana.