Kihesabu maneno kwa C: nimeanza na GLib

Mradi wenyewe ni mdogo: programu ya C inayosoma faili la Kiswahili na kutoa maneno yanayojirudia zaidi. Python ingeumaliza kwa mistari michache, najua. Ila nataka kuendelea na C bila kujiundia orodha na majedwali upya kila mara, ndiyo maana nikachukua GLib, maktaba ya C yenye vitu hivyo tayari. Ilizaliwa ndani ya GTK (maktaba ya kuunda madirisha na vitufe), nayo GTK ikatokana na GIMP, programu ya kuhariri picha, lakini haidai dirisha wala kitufe. Kwenye terminali inafanya kazi vizuri tu.

Ubuntu: sudo apt install libglib2.0-dev. Kisha:

gcc hesabu.c -o hesabu $(pkg-config --cflags --libs glib-2.0)

Hiyo pkg-config, inayomwambia gcc GLib iko wapi, ikae mwisho. Ikitangulia hesabu.c, unaweza kuambiwa g_hash_table_insert haijulikani, na kumbe kila kitu kimo.

Faili nalisoma lote kwa mkupuo na g_file_get_contents. Utamu uko kwenye kuhesabu:

int n = GPOINTER_TO_INT(g_hash_table_lookup(jedwali, neno));
g_hash_table_insert(jedwali, g_strdup(neno), GINT_TO_POINTER(n + 1));

Neno lisipokuwemo, jibu ni NULL, na NULL ikigeuzwa namba ni 0. Hakuna haja ya if. Jedwali nimeliunda kwa g_hash_table_new_full na kulikabidhi g_free ya kufuta funguo (yaani maneno), hivyo neno likishakuwemo, nakala mpya inafutwa papo hapo na ya zamani inabaki.

Shughuli ilikuwa kwenye kukata maneno. g_strsplit_set inakata kwa baiti, si kwa herufi, kwa hiyo vitenganishi viwe vya ASCII pekee (alama za kawaida za baiti moja). Faili langu lina ritifaa za aina mbili: ya kawaida, na ile iliyopinda (U+2019) inayowekwa na programu za kuandikia, ambayo ndani ya UTF-8 ni baiti 3. Basi nikapata ng'ombe wawili kwenye orodha, kila mmoja na hesabu yake! Sasa napita herufi moja moja kwa g_utf8_next_char, nauliza g_unichar_isalpha, na ritifaa iliyopinda naigeuza ya kawaida kabla ya kuiingiza kwenye GString, mfuatano wa herufi wa GLib unaojiongezea nafasi. Napokea tu inayofuata "ng", la sivyo alama za kunukuu nazo zingejipenyeza.

Nisichokipenda: kumbukumbu ikikosekana, g_malloc inaua programu nzima. Kwa kihesabu hiki, hewala. Kwa kifaa kisichotakiwa kuzimika, ningesita. g_try_malloc ipo, lakini GString na GHashTable haziitumii.

Kupanga tayari: g_hash_table_get_keys inatoa GList (orodha ya GLib), na g_autoptr(GList) inafuta orodha bila kugusa maneno, maana hayo ni mali ya jedwali. Juu kabisa wamejaa "ya", "na", "wa", "kwa", kwa hiyo kinachofuata ni GOptionContext, kisomaji cha chaguo za mstari wa amri, ili niweze kuipa programu faili la maneno ya kurukwa.