Kijiti cha mita moja na baridi ya Juni Mbeya

Uliza darasa lolote Mbeya kwa nini Juni na Julai kuna baridi, na wengi watasema dunia iko mbali na jua. Jibu hili ni mtego, maana tarehe zinalingana kweli: dunia huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152, na karibu zaidi mwanzoni mwa Januari, milioni 147. Lakini Julai hiyohiyo Ulaya ni majira ya joto, na dunia ni moja. Umbali hupunguza nguvu ya jua kwa asilimia 7 hivi, tena kwa wote. Kinachotenganisha majira ni mhimili wa dunia, ulioinama digrii 23.4, na hilo linapimika uwanjani kwa kivuli cha fimbo.

Simamisha fimbo nyembamba, mita 1 kamili juu ya ardhi, mahali tambarare. Isimamishe kwa timazi: uzi na jiwe, pande mbili. Usikadirie kwa macho. Fimbo ikiinama digrii 2 kuelekea kaskazini au kusini, latitudo utakayopata kwa kivuli chake itakosea digrii 2, yaani kilomita 222.

Kosa la pili ni kupima saa 6:00 mchana. Saa yetu inafuata longitudo 45 Mashariki, ambayo haigusi Tanzania kabisa. Inapita karibu na Mogadishu. Mbeya iko kama 33.5, na kila digrii ni dakika 4, kwa hiyo jua letu hufika kileleni wastani saa 6:46. Hata hapo halitulii: mwanzoni mwa Novemba hufika karibu saa 6:30, na katikati ya Februari karibu saa 7:00.

Usihangaike kuvizia kivuli kifupi kuliko vyote, kwani karibu na kilele urefu haubadiliki kwa dakika kadhaa. Saa 5:30 weka alama kwenye ncha ya kivuli, kisha kwa kamba iliyofungwa chini ya fimbo chora duara linalopita kwenye alama hiyo. Subiri ncha iguse duara tena mchana. Mstari kutoka kwenye fimbo hadi katikati ya alama hizo mbili ndio kaskazini-kusini halisi, na kesho yake kivuli kikiupita ndipo unapima. Ncha itaonekana na ukungu wa sentimita 1 hivi kwa sababu jua si nukta, lina upana wa nusu digrii. Bandika juu ya fimbo kipande cha katoni chenye tundu dogo, upime katikati ya doa la mwanga. Jua lenyewe lisitazamwe.

Mbeya mjini, tarehe 21 Juni, kivuli ni sentimita 63 kuelekea kusini. Tarehe 21 Desemba ni 26, kuelekea kaskazini. Ramani nyingi za vichwani hazina jambo hili, kwamba kivuli cha adhuhuri hugeuka upande. Kinapogeuka, karibu na tarehe 16 Oktoba na 25 Februari, hakuna kivuli. Pangeni Oktoba, Februari mawingu ya masika yetu yatawanyima. Iringa ni kama Oktoba 13, Njombe 17.

Juni, basi, miale hutua kwa mlalo na mchana hupungua hadi saa 11 na dakika 36 hivi. Ongeza mwinuko wa mita 1,700 na usiku mkavu usio na mawingu, joto la ardhi linapaa lote. Kwenye uwanda wa Kitulo, ulio juu zaidi, umande hugeuka barafu. Na joto kali huja Oktoba, si Desemba, kwa sababu Desemba mvua zimeshashika.

Tarehe 22 Septemba, jua likiwa juu ya ikweta, kivuli kitakuwa sentimita 15.7. Chora pembetatu kwa skeli, upime pembe ya juu kwa kipimapembe: digrii 8.9, ndiyo latitudo ya Mbeya. Shule ya Mwanza siku hiyo itapata sentimita 4.4, digrii 2.5. Mwanza iko karibu kaskazini kabisa mwa Mbeya, kilomita 710 kwa mstari ulionyooka, siyo za barabara. Gawanya 710 kwa 6.4 (yaani 8.9 toa 2.5), zidisha kwa 360: mzingo wa dunia, karibu kilomita 40,000. Msijaribu na Iringa. Tofauti ya vivuli ni sentimita 2 tu, na ule ukungu wa ncha utaimeza nusu.