Kocha Ametutoka

Jumatano ya Januari 24, 2024, saa moja na nusu usiku hivi, nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta ya chakula, upawa mkononi, katika bwalo la wanafunzi mjini Ann Arbor, jimbo la Michigan. Watu walikuwa wameanza kupungua. Kijana mmoja akaja, akatua trei yake mbele yangu, hakuangalia kuku wala wali, akasema kwa Kiswahili: "Mzee, kocha ametutoka."

Mwili ulinisisimka. Kwetu Muheza ukiambiwa fulani ametutoka huulizi ameelekea wapi. Unauliza mazishi ni lini. Nikaweka upawa chini. "Amefariki? Saa ngapi?" Kijana akanitazama tu, maana neno kufariki alikuwa bado hajalifikia. Alikuwa mwaka wa kwanza, anasoma Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Michigan, na alichojua ni kwamba kutoka ni kutoka, basi akapachika ile "tu" katikati kwa usahihi ambao mwalimu wake angeufurahia. Akanigeuzia simu nisome. Jim Harbaugh, kocha mkuu wa timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani, alikuwa amekubali kwenda Los Angeles kuifundisha Chargers, timu ya kulipwa.

Nilishusha pumzi. Lakini nilipomtazama usoni niliona neno lake halikuwa limekosea sana.

Mtu aliyelelewa na Simba na Yanga hawezi kulielewa jambo hili upesi. Kwetu makocha huja na kwenda, na mpya hupokewa uwanja wa ndege kwa vuvuzela wakati wa zamani hata mizigo hajamaliza kufunga. Tena nilipofika Ann Arbor nilidhani timu ya chuo ni ya wanafunzi kunyoosha viungo baada ya vipindi. Halafu nikauona uwanja. Viti 107,601. Uwanja wa Benjamin Mkapa unaingiza watu 60,000, na siku ya watani wa jadi tunasema nchi nzima imehamia Temeke. Hapa mji mzima una watu 120,000 na ushei, kwa hiyo uwanja unakaribia kuwameza wote. Marekani nzima hakuna timu ya kulipwa ya mchezo huo yenye uwanja mkubwa namna hiyo.

Na Harbaugh hakuwa kocha wa kuletwa na ndege. Baba yake, Jack, alikuwa kocha msaidizi pale miaka ya 1970, hivyo mtoto alikulia kwenye mitaa ileile. Akaichezea Michigan kama kwotabeki, yule anayepokea mpira na kuamua urushwe wapi. Akaenda ligi ya kulipwa, akacheza, akafundisha, na mwisho wa Desemba 2014 akarudi nyumbani kuwa kocha mkuu. Mara tano za kwanza alizokutana na Chuo Kikuu cha Ohio State, mahasimu wa kufa na kupona, alipigwa zote tano. Mwaka 2020 alicheza mechi sita akashinda mbili, na wenzangu wa jikoni waliokuwapo wakati huo walinisimulia jinsi watu walivyotaka aondolewe. Hakuondolewa. Mwaka 2021 Ohio State wakapigwa, 2022 wakapigwa kwao, 2023 wakapigwa tena, ingawa siku hiyo Harbaugh alikuwa amefungiwa na msaidizi wake, Sherrone Moore, ndiye aliyesimama pembeni ya uwanja. Kisha Januari 8, 2024, mjini Houston, kwenye fainali ya taifa ya vyuo, wakaifunga timu ya Chuo Kikuu cha Washington 34 kwa 13. Mechi 15, hawajapoteza hata moja. Ubingwa wa kwanza tangu 1997.

Jumamosi ya Januari 13 nilikwenda kuwaona wakipita Barabara ya State na kombe. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Nilivaa makoti mawili na bado vidole vilikufa ganzi, ila sikuondoka, kwa sababu pembeni yangu bibi mmoja mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, analia kimyakimya kila gari lilipopita. Nilifurahi kama mtu wa pale. Tangu nihamie huko ilikuwa mara yangu ya kwanza kufurahi na mji bila kuhisi ninachungulia furaha ya wengine.

Siku kumi na moja baadaye, upawa na simu ya kijana.

Kwa nini aende? Mimi simlaumu, na nilianza kutomlaumu usiku uleule. Februari 2013 aliifikisha timu ya San Francisco, aliyokuwa akiifundisha, kwenye fainali ya ligi ya kulipwa, Super Bowl, akafungwa 34 kwa 31 na timu ya kaka yake wa damu, John. Mtu aliyepoteza kitu kama hicho kwa pointi tatu, mbele ya kaka yake, ana deni moyoni, na deni hilo halilipiki kwenye ligi ya vyuo hata ushinde mara ngapi. Pale alikuwa ameshapata cha juu kabisa. Na katika maneno yake ya kuaga alisema siku zote atabaki mtu wa Michigan.

Lakini kocha wa chuo si kama kocha wa kulipwa. Wa kulipwa anafundisha watu wazima wenye mikataba. Wa chuo huenda mpaka sebuleni kwa watu, akakaa kwenye kochi, akanywa alichokaribishwa, na mama akamkabidhi mtoto wa miaka kumi na saba.

Ndiyo maana niliumia kuliko ilivyonistahili mimi mgawa kuku. Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa michezo alikuja nyumbani, akamwambia mama, "Huyu niachie mimi." Alikuwa ananifundisha kucheza beki ya kushoto jioni, baada ya wengine kwenda kuteka maji. Siku moja akaniambia nivue kandambili, nikanyage kipande cha boksi la sabuni, akachora wayo wangu kwa kalamu ya risasi, taratibu, akizungusha kila kidole. Angekwenda Tanga mjini kuniletea njumu. Wiki ile ile klabu moja ya ligi ikamchukua. Niliambiwa na mpiga debe wa stendi, aliyemwona akipanda basi na begi lake. Lile boksi aliondoka nalo. Kwa miaka mingi nilikuwa nikijiuliza kama alilitupa njiani au alikaa nalo siku mbili tatu.

Basi nikamuuliza yule kijana, sasa kwa Kiingereza, atafanyaje. Hakuwa na ufadhili wa michezo. Alijiunga na timu ya chuo kwa kujaribiwa, na kazi yake mazoezini ilikuwa kuigiza wachezaji wa timu pinzani ili wakubwa wajizoeze. Hakuwa amecheza hata dakika moja. Akaniambia kwamba kwa kanuni za wakati huo, kocha mkuu akiondoka, wachezaji walikuwa wakipewa siku thelathini za kuamua kama wanahama chuo, na kwamba simu yake ilikuwa haijatulia tangu habari itoke. "Nilikuja hapa kwa sababu yake," akasema.

Nyuma yake foleni ilikuwa imeanza tena. Nilitafuta neno la kumpa, sikulipata. Nikasema lile moja nililokuwa na uhakika nalo.

"Sikiliza. Ametutoka ni kwa aliyekufa. Huyu sema ameondoka."

"Ameondoka," akarudia.

"Eeh."

Akafikiri, midomo ikichezacheza kama anavyofanya akitafuta kiambishi. Kisha akasema polepole, "Kocha ameondoka. Mimi sijaondoka."

Nikamwekea mapaja mawili ya kuku badala ya moja, nikamjazia wali. Akachukua trei, akaenda hatua tatu nne kuelekea mezani, akasimama. Tangu Septemba kijana huyu hakuwahi kufika kwenye kaunta yangu bila kunisalimu. Nilimfundisha mwenyewe, na aliona fahari kuwa wa kwanza. Akarudi na trei yake, akawapita watu kwenye foleni.

"Samahani, mzee," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."